Ofisi au Nyumbani: Piga Hesabu Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita

Kama wewe ni mhasibu wa kujitegemea, mfasiri, mchoraji wa ramani za nyumba au mbunifu wa mabango, na mwenye jengo amekupa mpaka mwisho wa mwezi useme kama unaendelea na chumba au unatoka, makala haya yanakuhusu. Yanakuhusu pia kama ndiyo kwanza unaanza, akiba ni ndogo, na rafiki zako wawili wanakushawishi mchange mpange ofisi Sinza au Kinondoni.

Hesabu zote hapa ni za Dar es Salaam. Bei ya umeme, nauli na kodi za serikali ni zile zilizopangwa na mamlaka. Bei ya chumba, meza na intaneti ni za mfano, kwa sababu hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Chukua kalamu, futa namba yangu, weka yako.

Wengi huilinganisha kodi ya ofisi na sifuri, wakiamini nyumbani ni bure. Nyumbani si bure, na ofisi haiishii kwenye kodi. Tuanze na ofisi.

Chumba cha kupanga: fedha ya kuanzia ndiyo inayoumiza

Chukulia chumba kimoja cha shilingi 250,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hawapokei mwezi mmoja mmoja. Wanataka miezi sita au mwaka mzima. Kwa miezi sita ni 1,500,000. Dalali naye kwa kawaida anataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo utatoa 1,750,000 kabla hujaingiza hata kiti. Kuna madalali wanaodai pia hela ya kukuonyesha vyumba, upende usipende. Kubaliana naye mapema: unalipa ukipata chumba, si ukizungushwa.

Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba hiki ni 30,000.

Halafu kuna kodi ya zuio. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, si yako. Tatizo ni kwamba baadhi yao husema, "Mimi nataka 250,000 yangu kamili mkononi." Ukikubali, pango lako limepanda hadi karibu 277,800 kwa mwezi, maana ile asilimia 10 utaitoa mfukoni mwako. Maliza jambo hili kabla ya kusaini, na liandikwe kwenye mkataba.

Katika majengo ya ghorofa, uliza gharama za huduma: ulinzi, usafi, maji, lifti, jenereta. Mara nyingi hutozwa kwa mita ya mraba, na mwenye jengo aliyesajiliwa huongeza VAT ya asilimia 18. Kama bei imeandikwa kwa dola, ikatae. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Dai bei ya shilingi.

Uliza pia umeme unalipwaje. Baadhi ya majengo yana mita ndogo kwa kila chumba na mwenye jengo hupanga bei yake ya uniti. Mwambie akuonyeshe risiti yake ya luku. Akigoma kuionyesha, jua hapo kuna faida yake.

Nyumbani: umeme unaweza kukuruka

Kompyuta mpakato inakula wastani wa wati 60, feni kama hizo hizo, na ruta kama wati 10. Kwa saa nane ni uniti moja hivi kwa siku. Siku 22 za kazi ni uniti 23. Kwa mtu anayelipa bei ya kawaida, 292 kwa uniti pamoja na VAT na tozo za REA na EWURA, ni 356 kwa uniti. Kazi ya mwezi mzima inamla 8,200 tu. Hapo hakuna cha kuogopa.

Anayepaswa kuogopa ni yule aliye kwenye bei nafuu. Nyumba isiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi hulipa 100 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi inafika 122. Tuseme familia yako inatumia uniti 60. Luku ya mwezi ni 7,320. Ongeza uniti 23 za kazi, umefika 83. Ukiendelea hivyo na kuhamishiwa bei ya kawaida, uniti zote 83 zitahesabiwa kwa 356, yaani 29,548. Zile uniti 23 zimekugharimu zaidi ya 22,000.

Kwa hiyo kabla ya kuhamia nyumbani, tafuta risiti zako za luku za miezi mitatu. Gawa fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata. Kumbuka kwanza kutoa kodi ya jengo inayokatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jibu likikaribia 122, uko kwenye bei nafuu na una cha kulinda. Panga meza karibu na dirisha na uzime taa za mchana. Likikaribia 356, umekwisha kuhama, usihangaike.

Kama umepanga, ile kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Kwa mwaka ni 18,000. Mwombe aipunguze kwenye kodi, na umwekee risiti.

Kiyoyozi ni habari nyingine. Kidogo kabisa cha chumbani, kikiwaka saa za kazi, kinaweza kula uniti tano kwa siku. Kwa siku 22 ni uniti 110, karibu 39,000. Feni nzuri na pazia zito kwenye dirisha la jua la jioni vitakutoa bila gharama hiyo.

Kwa wanaoishi nyumba za wapangaji wengi wanaochangia luku moja, tahadhari. Ukikaa ndani mchana kutwa na kompyuta imewaka, wenzako wataona, na mgogoro utaanza mwezi wa kwanza. Usingoje walalamike. Nunua mita ndogo ya kuhesabia, fundi umeme akufungie, ulipe uniti zako mwenyewe. Ni fedha ya mara moja na inanunua amani.

Intaneti: bando linaisha, kazi haijaisha

Mkutano wa video wa watu kadhaa hula karibu GB 1 kwa saa. Saa moja kila siku ya kazi ni GB 22 kwa mwezi, kabla hujatuma faili hata moja. Bando za siku na za wiki huonekana rahisi, lakini zina tarehe ya kufa: usipotumia, zimekwenda.

Kama mtaa wako umefikiwa na faiba, malipo ya mwezi yasiyo na kikomo cha GB yanashinda bando kwa mtu anayefanya kazi kila siku, na familia nayo inatumia. Uliza vitu vitatu kabla ya kulipa: ada ya kufunga, ruta ni yako au ya kuazima, na ukihama nyumba unaondoka nayo au unaanza upya. Kwa mpangaji, swali la tatu ndilo zito.

Kama faiba haijafika, baki na bando la mwezi, zima video kwenye mikutano na utumie sauti peke yake. Sauti hula chini ya sehemu moja ya kumi ya video. Weka laini ya pili ya mtandao tofauti yenye bando dogo. Mteja hataki kusikia kwamba mnara umezima.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato ina betri yake, lakini ruta inazima hapo hapo. Kuna betri ndogo za akiba za ruta ambazo huishikilia kwa saa kadhaa. Nunua hiyo kabla ya kufikiria jenereta. Mwenye kompyuta ya mezani hana ujanja: anahitaji betri kubwa ya akiba, na hiyo itadai betri mpya kila baada ya miaka michache. Kama bado hujanunua kompyuta na unapanga kufanya kazi nyumbani, nunua mpakato.

Meza ya kukodi: nzuri kwa siku chache, mbaya kwa kila siku

Dar es Salaam sasa ina ofisi za pamoja, ambako unakodi meza kwa siku, wiki au mwezi. Unakuta intaneti, umeme, choo safi na mahali pa kukutana na mteja. Hakuna dalali, hakuna miezi sita.

Tuseme meza ni 15,000 kwa siku. Siku nne kwa mwezi ni 60,000. Ukienda siku zote 22 ni 330,000, ghali kuliko kodi peke yake ya chumba kile cha 250,000. Meza ya siku ni dawa ya mahitaji ya siku moja moja. Mwenye kuihitaji kila siku aulize bei ya mwezi, au apange.

Soma masharti. Chumba cha mikutano mara nyingi hulipiwa kwa saa, nje ya bei ya meza. Kuprinti hulipiwa kwa ukurasa. Siku ulizolipia zikibaki, je, zinahamia mwezi ujao? Jumamosi wanafungua? Na usalama wa kompyuta yako ukienda kula ni wa nani?

Kama unachohitaji ni utulivu tu, usisahau maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo tangu 1967, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na meza yoyote ya kukodi. Huwezi kupiga simu mle ndani, lakini kwa kuandika, kutafsiri na kukagua hesabu panafaa sana.

Namba zote mezani

Sasa tuweke gharama ya mwezi kwa mtu mmoja. Nauli nimeihesabu kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja 600, kiwango cha safari fupi kilichotangazwa na LATRA mwishoni mwa 2023. Ni 2,400 kwa siku, 52,800 kwa siku 22. Chakula nimeweka ile ziada tu, yaani tofauti kati ya sahani ya mama lishe na chakula cha nyumbani: 1,500 kwa siku, 33,000 kwa mwezi. Kiti na meza nimevikadiria 10,000 kwa mwezi, kwa kuvigawa kwa miaka miwili.

Nyumbani: umeme 22,000 kwa yule aliyehamishwa bei, intaneti 70,000, samani 10,000. Jumla ni 102,000.

Mseto, yaani nyumbani pamoja na meza ya kukodi siku nne: 102,000 za nyumbani, meza 60,000, nauli 9,600, chakula 6,000. Jumla ni 177,600.

Chumba cha watu watatu: pango 250,000, umeme 30,000, intaneti 70,000, ulinzi na usafi 30,000. Hiyo ni 380,000, na kila mmoja anatoa karibu 126,700. Ongeza samani, nauli na chakula: karibu 222,500 kwa kila mtu.

Chumba hicho hicho peke yako, umeme ukishuka hadi 12,000: karibu 458,000.

Namba hizi zinasema mambo mawili. La kwanza, ofisi ya mtu mmoja ni anasa mpaka kazi ithibitishe kuwa inaihitaji. La pili, kila siku ya meza ya kukodi, pamoja na nauli na chakula, inakula 18,900. Ukihitaji kutoka siku sita au pungufu kwa mwezi, mseto unashinda. Ukizidi hapo, chumba cha watu watatu kinaanza kuwa nafuu, mradi kila mmoja ana karibu 583,000 za kuanzia na hatakimbia mwezi wa tatu.

Kukimbia huko ndiyo gharama iliyojificha kuliko zote katika ofisi ya kuchangia. Mmoja akitoka, wawili waliobaki wanapanda kutoka 126,700 hadi 190,000 kila mmoja kwa yale yale 380,000. Andikeni makubaliano yenu hata kwenye karatasi ya kawaida: anayetoka analeta wa kuziba nafasi yake, au anapoteza kodi aliyokwisha kulipa. Urafiki hautaharibika kwa karatasi. Utaharibika kwa kukosa karatasi.

Je, kazi inakwenda wapi vizuri zaidi?

Nafuu isiyozalisha si nafuu. Hapa kuna ushahidi wa kuaminika kutoka Shanghai. Kampuni ya wakala wa safari ya China, Ctrip, iliwapeleka nyumbani baadhi ya wafanyakazi wa kituo chake cha simu kwa miezi tisa na kuwalinganisha na wenzao waliobaki ofisini. Utafiti huo, uliochapishwa 2015 na mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake, ulionyesha waliokaa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi, na iliyobaki ni utulivu.

Lakini tazama masharti. Ili kuchaguliwa ulipaswa kuwa na chumba chako cha kufanyia kazi na intaneti ya uhakika, na siku moja kwa wiki walikwenda ofisini. Jaribio lilipokwisha na kila mtu akaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao. Upweke ulikuwa miongoni mwa sababu za waliorudi.

Kampuni hiyo hiyo ilijaribu tena, safari hii mseto wa siku mbili nyumbani na tatu ofisini, kwa wafanyakazi 1,612. Matokeo yalitoka 2024: walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na utendaji haukushuka.

Funzo kwa mwenye fedha chache ni hili: nyumbani kunalipa ukiwa na mlango wa kufunga. Kama meza yako iko sebuleni, watoto wanacheza, jirani anapiga muziki, na kila ndugu akikuona mchana anadhani una nafasi ya kutumwa sokoni, hesabu saa unazopoteza. Saa mbili kwa siku ni saa 44 kwa mwezi. Zizidishe kwa malipo yako ya saa, halafu urudi kwenye zile namba. Fanya vivyo hivyo kwa saa za foleni kwa anayekwenda ofisini. Saa za kukaa barabarani nazo ni fedha.

Ununue nini kwanza

Kiti kwanza. Kiti cha plastiki ni rahisi, lakini mgongo utakudai. Viti vya ofisi vya mtumba, vyenye mguu wa chuma, mara nyingi hudumu kuliko vipya vya bei hiyo hiyo vyenye mguu wa plastiki. Kabla ya kulipa, kaa juu yake dakika tano. Kikishuka chenyewe, mtungi wake wa gesi umekufa, kiache.

Meza ya mbao ya fundi wa Keko itadumu kuliko ya mbao za kubandikwa, ambazo zikipata maji huvimba na hazirudi. Huhitaji mninga. Mbao ya bei ya chini iliyokauka vizuri inatosha. Usitoe zaidi ya nusu ya fedha mpaka uione imekamilika.

Kompyuta mpakato iliyotumika ni chaguo zuri kwa mwenye bajeti ndogo, ila iwashe bila chaja mbele ya muuzaji na uiache ifanye kazi nusu saa. Betri ikishuka haraka, punguza bei ya betri mpya kwenye bei anayotaja, au ondoka. Dai hakikisho la maandishi lenye tarehe.

Kama umeajiriwa

Mwajiri akikwambia ufanye kazi nyumbani, anapunguza pango, umeme na maji ya ofisini. Gharama hizo hazijatoweka, zimehamia kwako. Mpelekee hesabu ya intaneti na umeme wa mwezi, uombe alipe au aweke posho, na iandikwe. Uliza pia kompyuta ikiharibika nyumbani kwako, nani anaitengeneza.

Uamuzi

Jiulize swali moja: mteja wako anaingia kwa miguu? Kama ndiyo, kwa mfano unaprinti, unapiga picha za pasipoti au unajaza fomu za watu, panga chumba mahali wanakopita, na uchange na wenzako. Leseni nayo itakuwa rahisi, kwa sababu mkataba wa pango ni moja ya nyaraka zinazoombwa. Anayebaki nyumbani amuulize mapema ofisa biashara wa manispaa kama kazi yake inaruhusiwa pale anapoishi.

Kama kazi inaingia kwa simu na barua pepe, na una chumba chenye mlango, baki nyumbani. Kodi meza siku za kukutana na wateja.

Kama nyumbani hakuna mlango wa kufunga na wenzako wawili ni watu wa kutegemewa, chumba cha watu watatu kinastahili fedha yako. Omba miezi mitatu badala ya sita. Wenye vyumba vilivyokaa wazi muda mrefu hukubali.

Usipange ofisi peke yako kwa ajili ya heshima. Mteja hulipa kazi iliyofika kwa wakati. Hiyo 1,750,000 ikibaki benki, itakulinda miezi ambayo kazi haiji.